Mizani na mimi, mwaka wa tatu
Miaka mitatu sasa tangu nifanyiwe oparesheni ya kupunguza tumbo la chakula ili nipungue uzito, na watu bado wanadhani ukishakatwa basi kazi imeisha, wapi! Mwanzoni kilo zinashuka zenyewe tu, halafu kwangu miezi 18 hivi njaa ikarudi mdogo mdogo na mizani ikaanza kunichezea. Kilichoniponza ni juisi na aiskrimu, maana vinateleza, tumbo dogo halivizuii kabisa. Siku hizi naanza na protini kwanza, gramu 60 mpaka 80 kwa siku, maji nayasubirisha nusu saa baada ya kula, vitamini ndo za maisha hizo. Kujipima ni Jumatatu tu, zamani kila asubuhi, yaani nilikuwa navua mpaka hereni.