Je vous manquerai

Juzi binti yangu aliniletea daftari lake la Kifaransa, akataka kujua kwa nini mwalimu amepiga mstari mwekundu chini ya maneno “Je te manque”, ilhali yeye alikusudia tu kumwambia rafiki yake kwamba amemkumbuka. Nilicheka kuliko alivyotarajia, kwa sababu kosa hilo nililifanya kabla yake, tena mbele ya mtu.

Ilikuwa Lyon, kwenye stesheni ya Part-Dieu, asubuhi ya kuondoka kwangu. Mama mwenye nyumba, ambaye nilikuwa nimepanga chumba kwake miezi tisa, alikuwa amenisindikiza akiwa na mfuko wa karatasi wenye mikate miwili, na alikuwa akiukunja na kuukunjua mdomo wa mfuko ule bila kunipa. Kitenzi manquer nilidhani nakimudu. Kimetoka kwa mancare ya Kiitaliano, nayo imetoka kwa mancus ya Kilatini, yaani mwenye kilema, hasa cha mkono. Na matumizi yake yanafanana mno na “kukosa” kwetu: unakosa treni, chakula kinakosa chumvi, na hata kumkosea mtu heshima Wafaransa walikuwa wakikusema kwa kitenzi hichohicho. Basi nikaipanga sentensi kama ninavyoipanga “nitakukosa”, nafsi yangu mbele, yake katikati, nikatamka polepole: “Je vous manquerai, Madame.”

Mikono yake ikaacha kuuchezea mfuko. Alinitazama kama mtu anayehesabu chenji, kisha akatabasamu upande mmoja wa mdomo, akasema, “Sans doute,” akanikabidhi mikate. Nilipanda treni moyo ukiwa mweupe.

Ni Dar es Salaam, miezi mingi baadaye, nilipong’amua kwamba katika kitenzi hicho anayekosekana ndiye mtenda, na anayeumia ndiye mtendewa, kwa hiyo Mfaransa husema “wewe unapungua kwangu”. Mimi nilikuwa nimemtangazia mama wa watu, kwa adabu zote, kwamba atanikumbuka.

Binti yangu alisahihisha sentensi yake, kisha akauliza kama yule mama alikubali. Nilimwambia kwamba “sans doute”, ambayo mimi niliipokea kama “bila shaka”, Wafaransa wa leo huitumia kwa maana ya “huenda”.