Alhamisi ya mhadhara: siku moja na foleni ya pakiti

Saa 12:20 asubuhi. Nimesimama ndani ya mwendokasi kutoka Kimara, natazama grafu za usiku kwenye simu. Laini ya kwenda tawi letu la Mbeya imetulia. Mimi ni fundi wa mtandao katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, na Alhamisi mwalimu mmoja hufundisha madarasa mawili kwa mpigo: la hapa, na la Mbeya linalomwona kwenye skrini.

Saa 2:00. Kamera, maikrofoni, spika. Vyote vizima.

Saa 3:10. Simu kutoka Mbeya: "Dada, mwalimu anakatika katika, wanafunzi wameacha kuandika." Moyo unaniuma, maana picha ikififia mtu bado anajifunza, ila sauti ikikatika somo limekwisha. Napiga ping, yaani natuma ujumbe mdogo Mbeya na kupima jibu linarudi baada ya muda gani. Jibu ambalo huja ndani ya milisekunde kama 20, sasa linapanda hadi 800, linashuka, linapanda tena. Pakiti zenyewe, yaani vipande vidogo ambavyo data husafiri navyo, karibu zote zinafika.

Chanzo nakiona upesi: seva inapeleka Mbeya rekodi za video za wiki iliyopita. Laini ni ya megabiti 10 kwa sekunde, na kifaa cha mwisho kabla ya laini kina nafasi ya pakiti kungojea, kama megabaiti moja. Ikijaa, pakiti inayoingia mkiani mwa foleni inasubiri sekunde 0.8. Sauti hutuma pakiti 50 kila sekunde. Zinazochelewa kupita kiasi programu huzitupa, na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, inashauri maneno yafike ndani ya milisekunde 150. Nasimamisha rekodi. Sauti inarudi.

Saa 5:00. Kikaoni wanapendekeza tununue megabiti 20. Napinga. TCP, kanuni ambayo kompyuta hutumia kutumiana mafaili, huongeza mwendo mpaka pakiti zianze kupotea, kwa hiyo rekodi zitaijaza na hiyo pia. Mwaka 1986, kati ya maabara ya Berkeley na chuo kikuu jirani, msongamano uliangusha mwendo wa data kutoka kilobiti 32 hadi biti 40 kwa sekunde. Kilichookoa ni namna ya kutuma pakiti aliyoieleza mtafiti wa mitandao Van Jacobson mwaka 1988. Mkuu wangu ananipa mpaka jioni.

Saa 7:30. Wali maharage, harakaharaka.

Saa 8:30 mchana. Kwenye ruta naweka kikomo cha megabiti 9, ili foleni ijipange kwangu ninakoweza kuisimamia. Sauti naipa alama 46, namba inayoonyesha kuwa pakiti ni ya haraka, na njia yake, yenye kikomo pia, isije ikawanyima wengine. Vingine vyote naviachia FQ-CoDel, mbinu ya kusimamia foleni: inatenganisha kila mkondo, na pakiti zikizidi kungoja milisekunde 5 kwa muda mrefu, inaanza kuzidondosha ili mtumaji apunguze kasi.

Saa 10:40. Narudisha rekodi kwa makusudi na kumpigia mwenzangu wa Mbeya kwa video. Ping: milisekunde 27. Rekodi zinakwenda, polepole kidogo.

"Unanisikia, kaka?"

"Nasikia mpaka feni ya darasani kwenu."