Mswaki wa Tatu wa Tui

Leo ni siku ya 61 tangu tumfungie Tui katika chumba cha stoo, na asubuhi hii nimenunua mswaki wa tatu. Mwenye duka, ambaye si mtu wa kuhoji wateja, ameniuliza iwapo tuna mgeni nyumbani. Nilipomjibu kwamba mswaki ni wa paka, alinirudishia chenji yangu kimya kimya.

Yote yalianza na kipara kidogo nyuma ya sikio lake la kushoto, kisichozidi ukubwa wa sarafu. Kwa kuwa Tui hakuwa akijikuna wala hakupungua hamu ya kula, nilijiambia kuwa ameparuriwa na mapaka ya mtaani, nikaendelea na shughuli zangu. Wiki mbili baadaye binti yangu mwenye miaka 6 alitokwa na duara jekundu shingoni, upande ule ule anaopenda kumlaza paka, kingo zake zimeinuka na katikati pamefifia. Mama mkwe alitazama mara moja tu akasema ni choa, kisha akaenda jikoni kumenya kitunguu saumu. Nilimsihi, "Mama, tafadhali tungoje kwanza daktari," kwa maana nimewahi kuona ngozi ya mtoto ikiungua kwa dawa hiyo.

Daktari aliuliza swali moja: mnafuga paka? Malhamu ya klotrimazoli ilitosha kwa shingo ya binti yangu, ingawa tulionywa kwamba kama kuvu anayesababisha choa angeingia kichwani na kuwa mapunye, malhamu isingefika kwenye mashina ya nywele na mtoto angelazimika kumeza dawa kwa wiki kadhaa.

Daktari wa mifugo naye alizima taa, akamulika manyoya ya Tui kwa taa ya zambarau, na nywele chache kando ya kile kipara zikang'aa kijani kama vimulimuli. Alitueleza kuwa si kila kuvu wa choa hung'aa hivyo, basi paka asiyeng'aa hajathibitika kuwa mzima. Kuvu huyu wetu anaitwa Microsporum canis, yaani wa mbwa, jina ambalo naliona ni la uonevu kwa mbwa, kwa sababu anayembeba zaidi ni paka. Tui aliandikiwa itrakonazoli ya maji, wiki moja anapewa na wiki moja anapumzika, pamoja na kuogeshwa mara mbili kwa wiki kwa shampuu ambayo povu lake lazima likae mwilini dakika 10. Aliyewahi kumshika paka aliyelowa kwa dakika 10 hahitaji nimweleze zaidi, na mikono yangu bado ina alama.

Hata hivyo, dawa ilikuwa sehemu nyepesi. Kuvu huyu hula keratini, ile malighafi ya nywele na kucha, na kila unywele mgonjwa unaokatika huanguka na vijimbegu vinavyoweza kukaa hai ndani ya nyumba mwaka mzima na zaidi. Nilipiga magoti juu ya mkeka wa ukindu sebuleni, nikaona jambo ambalo kwa miaka yote ya kuufagia sikuwahi kuliona: nywele nyeupe zimejipenyeza kati ya shupatu, nyingine nusu ndani nusu nje, na ufagio ulikuwa ukizisukuma ndani zaidi. Nilizitoa kwa utepe wa gundi, shupatu moja baada ya nyingine, kuanzia baada ya alasiri hadi magharibi. Sakafu tulipiga deki kwa sabuni kwanza, ndipo tukapitisha jiki iliyochanganywa na maji, kwani jiki juu ya uchafu haifanyi kazi yoyote. Pazia moja nililichoma, na sijutii.

Jirani mmoja alinishauri nimtie Tui kwenye kiroba nikamwache sokoni. Naandika hapa kwa aibu kwamba usiku ule nililifikiria wazo hilo, mpaka nilipokumbuka kuwa paka akiondoka, nywele zake zingebaki, na watoto wa sokoni wangepata zilizosalia mwilini mwake.

Sasa kuhusu miswaki. Kila kipimo cha kuona kama kuvu bado yupo huhitaji mswaki mpya, ambao paka husuguliwa nao mwili mzima, kisha kilichonaswa humo huoteshwa maabara. Wa kwanza ulisuguliwa siku ya 28, wakati kipara kilikuwa kimeshafunikwa na manyoya laini na sote tukiamini amepona. Kuvu aliota. Wa pili ulisuguliwa siku ya 45, na jana tumeambiwa hakuna kilichoota. Daktari anataka majibu safi mawili mfululizo, kwa hiyo mswaki huu wa leo, wa rangi ya waridi kwa matakwa ya binti yangu, utaamua.

Yeye ameketi kwenye korido, hatua mbili kutoka mlango wa stoo kama tulivyokubaliana, anamsomea Tui kitabu chake cha darasa la kwanza. Chini ya mlango umetokeza unyayo mweupe, unapapasa sakafu.