Nilivyookoa video ya usiku wa hina umeme ulipokatika

Shughuli za akina mama hukodi mpiga video mwanamke, ndiyo maana kazi za usiku wa hina hunifuata mimi. Hii ilikuwa Ngamiani, Tanga. Saa nne usiku umeme ukakatika, ngoma haikukosa hata pigo moja. Ikaletwa taa ya chaji, wengine wakawasha simu, nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, hadi 12,800 nikaendelea. Ndipo nyanya yake bibi harusi akaingia uwanjani, akacheza dakika nne nzima. Nilijua pale pale kwamba hicho ndicho kipande watakachokitafuta kwanza.

Kwenye kompyuta chenga, vile vidoadoa vya picha ya gizani, zilikuwa tele, lakini bibi yule aliyecheza alionekana, hata jina la kanga yake lilisomeka. Balaa lilikuja nilipobana faili kwa x264, programu ya kubana video, CRF 23 (namba ya ubora: ikishuka, ubora na ukubwa wa faili hupanda), kama nilivyozoea. Giza nyuma yake likawa viboksi vinavyotambaa, ukuta ukajaa matabaka kama ngazi. Mama wa bibi harusi alitazama, akanirudishia flashi: "Mwanangu, mbona mama yangu umempaka tope usoni?" Neno lile liliniuma.

Mwenzangu wa kazi akaniambia ongeza bitireti tu, yaani data inayopewa kila sekunde ya video. Nikaweka megabiti 40 kwa sekunde. Hesabu yake ni kama GB 18 kwa saa, na flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Tena viboksi vilipungua, matabaka yakabaki pale pale.

Mwingine akasema safisha chenga zote. Ushauri huu bado unanikera, maana unatolewa kila siku na watu wasiokwenda kutazama matokeo. Nilikaza kichujio cha kufuta chenga kiitwacho hqdn3d, nikaacha mashine ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi nikamkuta bibi ana uso wa nta. Mikunjo imekwenda, maua ya kanga yamekwenda, jina la kanga limekuwa ukungu mweupe. Na matabaka ukutani yamezidi! Kumbe chenga ndizo zilizokuwa zikiyafunika.

Hapo nikakaa chini nikasoma inavyofanya kazi. Chenga hubadilika kila fremu, kwa hiyo mashine haiwezi kuikisia picha hii kutokana na iliyotangulia, biti zinaisha huko. Ikitafuta pa kubana, hubana gizani. Halafu video ya biti 8 ina ngazi 256 tu za mwanga, na giza lote linagawana chache za chini. Biti 10 zinatoa 1,024.

Jambo lililoniokoa ni kuacha kubana shughuli nzima. Nilikata vipande vitatu vya sekunde 20: giza baya kuliko yote, kanga ya bibi, na pale tochi ya simu inapopita ukutani. Kila jaribio likawa dakika chache badala ya usiku mzima. Nilitazama kwenye TV, taa zimezimwa, mwangaza wa TV umepandishwa kupita kawaida ili kila uchafu wa gizani utoke. Ukitazama kwenye laptopu mchana, dirisha wazi, utaona kila kitu kizuri.

Majaribio kumi na moja. La nne lilikuwa tune grain, mpangilio wa kutunza chenga, wa x265, kibanaji kipya kuliko x264; faili likavimba ajabu, na baadaye nikaona kwamba mpangilio huo unazima kabisa aq-mode, kinachogawa biti kati ya sehemu za picha, ilhali aq-mode=3 ndiyo inayolipa giza haki yake. Nikaachana nao. Nilichobaki nacho: x265 ya biti 10, preset slow (ibane polepole), CRF 18, aq-mode=3, no-sao (SAO izimwe), deblock=-1,-1 (kulainisha kingo za viboksi kupungue). SAO, kichujio cha ndani ya x265, ndiyo iliyokuwa ikilainisha uso. Kichujio nikakilegeza, hqdn3d=1:2:2:4; namba ya pili na ya nne ni za rangi, nazo nimeziacha juu kidogo kwa sababu vidoadoa vyekundu na kijani havina faida kwa yeyote.

TV yao ni ya zamani, ile ya x265 ya biti 10 ikaishinda, ikatoa sauti bila picha. Basi nikawatengenezea nakala ya x264 ya biti 8, aq-mode=3, CRF 18, nimeongeza chenga kidogo kwa kichujio cha noise, noise=alls=4:allf=t, kuvunja matabaka, nikaigawa kwa matukio ili kila faili liwe chini ya GB 4. Flashi mbili, shilingi elfu ishirini na kitu, nilizilipa mwenyewe.

Mama alisogea karibu na TV, akalisoma jina la kanga kwa sauti, akarudia. Kisha akataka kipande kile kiende kwa dada yake Muscat, ambaye simu yake inacheza ile ya biti 10. Nilikituma WhatsApp kama dokumenti, maana kikienda kama video kinabanwa upya njiani.