Semina ya siku tano, kisha uwanja wa ndege

Huku ughaibuni mchango wa aina hii haukosi: tuwasafirishe wataalamu watatu wakawafundishe washauri nasaha wa kwetu kutibu kiwewe, yaani jeraha la akili linaloachwa na tukio la kutisha. Siku tano hotelini, cheti Ijumaa, picha ya pamoja, Jumamosi wameshapanda ndege. Inakera, wala si nauli tu. Kwa viwango vya Marekani, mafunzo ya msingi ya EMDR, tiba ya kiwewe inayotumia miondoko ya macho, ni saa 20 za darasani, saa 20 za mazoezi chini ya msimamizi, na saa 10 za kupitia kesi halisi. Wakija kwetu, hizo 10 ndizo za kwanza kukatwa.

Na ndizo zenye kazi. Chukua tiba ya masimulizi, NET, ambamo mgonjwa husimulia maisha yake kwa mfuatano, pamoja na yaliyomtisha. Kamba inatandazwa sakafuni, mwanzo wake ni kuzaliwa. Ua linawekwa kwa jambo jema, jiwe kwa baya, na ncha ya mwisho inaachwa imekunjwa kwa yajayo. Hapo kila mtu anaweza. Shida huanza vikao vinavyofuata, vya dakika 90 hadi 120, mnapolifikia jiwe kubwa. Mgonjwa analia, mshauri anasema "pole, basi tuache, Mungu yupo". Amemkatisha hofu ikiwa kileleni, na mtu anarudi nyumbani na jinamizi kali kuliko alilokuja nalo. Inatakiwa apunguze mwendo: uliona nini, ulisikia harufu gani, mwili ulifanyaje wakati ule, na sasa hivi unafanyaje? Kikao hakifungwi mpaka hofu ishuke. Macho yakiganda na sauti ikififia, mwambie akaze misuli ya miguu, aangalie chumba, akutajie yuko wapi leo.

Hayo huyapati kwenye slaidi. Unayapata msimamizi anapokusikiliza kwenye rekodi (mgonjwa akiwa ameridhia) na kukuonyesha dakika uliyokimbia.

Wala msiniambie watu wetu hawana elimu ya kutosha. Kambini Nakivale, Uganda, wakimbizi wasio wataalamu walifunzwa kwa wiki 6, wakawatibu wenzao Wanyarwanda na Wasomali; utafiti ulichapishwa 2008 na nafuu ilionekana.

Basi mchango huo uende kwenye usimamizi: vikundi vya watu watano, saa moja na nusu kila wiki kwa miezi sita, kwa Kiswahili, kwenye simu. Kiswahili, kwa sababu mkalimani husema "alidhulumiwa" mahali ambapo mgonjwa ametaja kila kitu kwa jina, na mkufunzi hajui kimepotea nini. Na wachaguliwe mapema wawili watakaofundisha wengine.

Nawe unayepanga kuja huku na cheti cha siku tano, usikitegemee. Utaulizwa ulisimamiwa saa ngapi, na nani, mwenye leseni gani. Daftari la saa zako, lenye sahihi ya msimamizi, lianze kabla hujagusa fomu ya viza.