Saa 12 Asubuhi

Mwaka 2015 nilikuwa na stashahada ya kompyuta, laptopu iliyokufa betri (ukichomoa waya tu, inazima) na barua za maombi ya kazi nilizokwisha kuacha kuzihesabu. Ofisi iliyoniita kwenye usaili ilikuwa Kijitonyama, Dar es Salaam, si mbali na kituo cha daladala cha Sayansi.

Nusu saa ya kwanza iliniharibikia. Kaka mmoja mwenye miwani alinisimamisha ubaoni nieleze jinsi ya kupanga namba kuanzia ndogo hadi kubwa, bila kutumia kile ambacho PHP, lugha ya kuandikia programu, inakupa bure. Nikaanza, nikafuta, nikaanza tena, wino wa bluu ukanijaa viganjani. Aliponiuliza kama nimewahi kutumia Git, ile ya kutunza kumbukumbu za mabadiliko ya programu, nikajibu ndiyo, kwa sauti ambayo hata mimi nisingeiamini.

Dada aliyekuwa kiongozi wao, muda wote kimya na kikombe chake cha chai, akanigeuzia skrini. "Mdogo wangu, hebu tazama hii. Ni mfumo wa tiketi za mabasi. Karani anaandika saa ya Kiswahili, programu inaigeuza kuwa ya mfumo wa saa 24. Wateja wanalalamika."

Nilisoma tiketi kabla ya kusoma programu. Dar es Salaam kwenda Mwanza, kuondoka 18:00. Nikacheka, tena kwa sauti.

Mama mdogo alikuwa akiuza chai na maandazi nje ya geti la stendi ya Ubungo, na likizo zangu zote za sekondari ziliishia pale, tukiamka saa tisa usiku. Miaka ile mabasi ya mikoani hayakuruhusiwa kusafiri usiku. Basi la Mwanza liondoke jioni, liende wapi?

"Linatoka saa 12 asubuhi, dada," nikamwambia. "Mtu kajumlisha sita."

Ndivyo ilivyokuwa. Saa 1 ukijumlisha 6 unapata 7, sawa. Saa 3 unapata 9, sawa. Lakini 12 na 6 ni 18. Mabasi ya baadaye yote yalikuwa sahihi, yakaharibika yale ya alfajiri tu, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakijaza stendi. Mchana wetu unaanzia 12, kwa hiyo 12 ndiyo sifuri. Nikagawa kwa 12, nikachukua baki, ndipo nikajumlisha 6. Mstari mmoja.

Kaka mwenye miwani akajaribu saa moja moja mpaka 11 jioni. 17:00. Akarudia 12.

"Na za usiku je?"

"Usiku hakuna basi, kaka."

Miezi mitatu ya kwanza, dada akasema, ni nauli na chakula cha mchana, halafu tutaona. Nilikubali hata hajamaliza, leo ningebishana.

Nilimpigia mama mdogo nikiwa kituoni, nasubiri daladala.

"Wanakulipa?"

"Nauli."

Akanyamaza kidogo. "Na kazi yenyewe ni ya kufanya nini?"

"Kwa sasa, kurekebisha saa za mabasi."

"Hee! Kumbe Ubungo hukutoka."