R.A.B. ni mtoto wa nani?

Jumapili usiku

Binti wa kaka yangu amemaliza kitabu cha sita cha Harry Potter leo mchana, amejilaza kwenye mkeka barazani, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa hili: "Shangazi, huyu R.A.B. baba yake nani?"

Hakuuliza R.A.B. ni nani. Aliuliza baba yake. Niliacha kuchambua mchele, nikamtazama, na kwa sekunde chache nikawa nimerudi bwenini, miaka karibu ishirini nyuma.

Kwa asiyevijua vitabu hivi: karibu na mwisho wa kitabu cha sita, Harry na mwalimu wake mkuu Dumbledore wanahatarisha roho zao ndani ya pango ili kupata kidani kimoja. Baadaye inagundulika kuwa kidani ni cha bandia, na ndani yake mna kikaratasi cha mtu aliyewatangulia akachukua kile cha kweli. Mtu huyo ametia sahihi kwa herufi tatu tu, R.A.B. J.K. Rowling alitoa kitabu hicho tarehe 16 Julai 2005, na kitabu cha saba kikatoka tarehe 21 Julai 2007. Miaka miwili na siku tano dunia nzima ya watoto, na watu wazima wengi, ilikaa na herufi tatu mkononi.

Sisi tulikaa nazo zaidi. Nakala yetu ilikuja Januari 2006 ndani ya tranka la mwenzetu mmoja aliyetoka Bukoba, ambaye mjomba wake alikuwa anaishi Uingereza. Ilikuwa nakala moja kwa wasichana wanne. Tulisoma kwa zamu, wa mwisho akimsihi wa kwanza asifungue mdomo wakati wa kula. Zamu zilipokwisha tukanunua kaunta buku mpya, tukaandika juu ya jalada "MAOTEO". Humo tuliandika kila kitu tulichodhani kitatokea kwenye kitabu cha saba. Harry atakufa au hatakufa. Dumbledore amekufa kweli au amejificha. Mwalimu Snape ni msaliti au la. Huyu wa Bukoba alimtetea Snape tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na hoja yake haikuwa ya uchawi hata kidogo: alisema mwalimu anayekukalia kooni si lazima awe anakuchukia, na akatutajia mmoja wa walimu wetu wenyewe. Tukanyamaza.

Lakini ukurasa uliojaa kuliko yote ulikuwa wa R.A.B. Hapo ndipo tulipokuwa na nadharia yetu, na mpaka leo naiona ilikuwa na akili. Kwetu mtu ana majina matatu: lake, la baba yake, na la babu au la ukoo. Ndivyo tulivyoandikwa kwenye rejista, ndivyo tulivyojaza fomu zote. Harry naye anaitwa Harry James Potter, na James ni baba yake! Mbele ya ushahidi kama huo nani angebisha? Basi R.A.B. alikuwa fulani wa R, mtoto wa A, wa ukoo wa B. Tulianza kumtafuta A. Tulirudi kitabu cha kwanza, tukapita na kalamu ya risasi kila ukurasa tukikusanya kila mwanamume mwenye jina la A ambaye angeweza kuwa na mtoto. Regulus, mdogo wake Sirius Black, yule mlezi wa Harry, tulikuwa naye kwenye orodha. Ana R, ana B, na tulikuwa tumeshaambiwa kwamba alijiunga na watu wa Voldemort, adui mkuu wa Harry, akataka kujitoa, akauawa. Tukamkata kwa mstari, kwa sababu hatukumpata baba mwenye A.

Nikifikiri sasa, nasikia uchungu mtamu. Jibu tulikuwa nalo mkononi, tukalikata kwa mila yetu ya majina.

Si hilo tu. Katika kupekua huko, mwenzangu aliyelala kitanda cha juu yangu alisimama kwenye sentensi moja ya kitabu cha tano. Watoto wanasafisha nyumba ya kina Black, wanatupa takataka za zamani, na miongoni mwa hizo kuna kidani kizito ambacho hakuna hata mmoja wao aliyeweza kukifungua. Basi, sentensi imeisha, hadithi inaendelea na mengine. Yeye akashuka kitandani na tochi, taa zikiwa zimeshazimwa, akatuamsha wote watatu. Tulimwambia alale. Nyumba za wakubwa hazikosi vidani, tulisema. Aliandika kwenye kaunta buku hata hivyo, kwa herufi kubwa, akapiga duara.

Alikuwa sahihi. Kilikuwa ndicho.

Nimekuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba wasomaji wa nchi nyingine walilifikia jibu hilo kwa njia ambayo sisi tusingeweza kuipata. Wafasiri wa baadhi ya lugha walikuwa wamelibadilisha jina la ukoo wa Black liwe na maana ileile ya weusi katika lugha zao. Kwa hiyo kitabu cha sita kilipofasiriwa, herufi ya mwisho nayo ilibadilika: Kiholanzi kikaandika R.A.Z. kwa sababu kwao ukoo huo ni Zwarts, Kinorwe kikaandika R.A.S. kwa Svaart, na Kifini R.A.M. kwa Musta. Aliyeziweka nakala tatu pamoja alikuwa na jibu lake kabla mwandishi hajasema neno. Nilipolisoma jambo hilo nilikaa kimya muda mrefu. Mfasiri, mtu ambaye jina lake hatulikumbuki, alilazimika kuamua herufi moja, na herufi hiyo ikafungua mlango uliofungwa kwa Kiingereza.

Kuna kisa kingine cha kusubiri ambacho kinanigusa zaidi, maana kinafika mpaka kwetu. Kati ya kitabu cha nne, Julai 2000, na cha tano, Juni 2003, wasomaji walikaa karibu miaka mitatu bila kitu. Desemba 2002 Rowling aliandika kwenye kadi moja maneno 93 kuhusu kitabu kilichokuwa kinakuja, maneno yaliyotawanyika bila kuungana: sura thelathini na nane, Ron, ufagio, amefukuzwa kazi, mwalimu, anakufa, samahani. Kadi ikapigwa mnada Sotheby's, London. Mashabiki walichangishana ili waipate na waisome wote, ila mnunuzi ambaye hakutajwa jina akawashinda, akatoa pauni 28,680. Fikiria watu wanachangia fedha ili wapate maneno machache ya kuotea!

Fedha za mnada huo zilikwenda kwa Book Aid International, shirika linalopeleka vitabu kwenye maktaba za Afrika, Tanzania ikiwamo. Nami kitabu cha kwanza cha Harry Potter nilikitoa maktaba ya mkoa, Moshi, nikiwa darasa la sita, na ndani ya jalada lake kulikuwa na karatasi iliyobandikwa yenye jina la shirika hilohilo. Sisemi kitabu changu kilinunuliwa na kadi ile. Nasema tu kwamba nilipolijua jambo hili nilihisi kwamba hamu ya wale watu wa mbali na hamu yangu zilipita kwenye mkono mmoja. Tena shirika hilo lilianzishwa mwaka 1954 na mama mmoja wa Uingereza aliyeitwa Hermione Ranfurly. Hermione! Jina la yule msichana rafiki wa Harry, ambalo bwenini tulilitamka "Hemioni" kwa miaka, na hakuna aliyetusahihisha.

Kitabu cha saba kilitufikia Aprili 2008. Kwa miezi tisa dunia ilikuwa imeshajua kila kitu, na sisi tulikuwa bado tunaandika maoteo, tunagombana juu ya Snape wakati wa kufua. Watu wakisikia habari hii hunionea huruma. Mimi siwaelewi. Miezi ile tisa ni kama tulipewa peke yetu. Mwandishi alikuwa ameshamaliza, wachapishaji wameshamaliza, na hadithi ilikuwa bado hai katika bweni moja chini ya Kilimanjaro, inaweza kwenda kokote.

Ndiyo maana mchana wa leo sikumjibu mtoto. Kitabu cha saba kiko kabatini kwangu, juu kabisa, chini ya mashuka. Anajua kipo. Angeweza kuvuta kiti akakichukua. Nilimwambia, "Mama, nikikwambia sasa nitakuwa nimekudhulumu." Akafikiri kidogo, akasema, "Basi usinipe mpaka likizo ya Desemba. Ila na mimi nataka daftari."

Jioni nilimpigia yule rafiki yangu wa Bukoba. Kaunta buku anayo yeye, miaka yote hii. Ameipiga picha na kunitumia ukurasa wa R.A.B.: mwandiko wetu wanne, jina la Regulus limekatwa mara mbili, na pembeni kabisa lile duara. Nimezima simu nikaiweka chini ya mto, maana mtoto analala nami chumba kimoja na macho yake hayana adabu mbele ya skrini.

Ni saa tano na nusu. Nilidhani amelala. Amewasha taa ndogo, ana daftari magotini, na kitabu alichokifungua si cha sita. Ni cha tano, na anasoma polepole, kidole kwenye mstari.